Anayesogeza Utepe wa Mke Wangu

Wiki iliyopita niliwaacha na maneno matatu, na najua wengine mmelala nayo vibaya. Mimi sikulala kabisa.

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza, karibuni, sogeeni, yangu hayana siri tena. Mimi ni fundi wa miwani. Nakata lenzi, nasaga kingo zake, nazipachika kwenye fremu, watu wanaona. Mke wangu yuko ng'ambo, analea mzee wa watu asiyeweza kutoka kitandani. Alipoondoka tulikubaliana jambo moja: tutasoma kitabu kimoja, mimi huku, yeye kule, kwenye simu.

Programu yenyewe inaunganisha watu wawili. Ukifungua kitabu, unaona utepe mwekundu kwenye ukurasa aliofikia mwenzako, na jina lake juu. Akisogea, utepe unasogea. Na pembeni mwa ukurasa unaweza kumwandikia neno, akifika hapo akalikuta na kukujibu.

Mwanzoni alikuwa anapiga na simu pia. Halafu simu zikapungua, zikawa ujumbe. Ujumbe ukawa "niko kazini". Halafu kimya.

Lakini utepe ulisogea! Kila jioni nikirudi kwenye chumba changu chenye viti viwili na mkaaji mmoja, nafungua simu, nakuta amesogea. Nikasema basi, mke ninaye. Wangapi wanaishi na wake zao nyumba moja na hawajui wamefikia ukurasa gani?

Sasa wiki iliyopita upweke ulinizidi. Nikamwandikia pembeni: "Niambie kitu kimoja tu cha kweli."

Asubuhi yake nikakuta jibu: "Umekonda sana. Kula."

Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikafurahi, nikachemsha mayai, nikala yote. Ndipo nikiwa napiga mswaki mbele ya kioo, povu mdomoni, swali likanijia.

Amenionea wapi?

*

Dukani nyuma ya pazia tuko wawili, mimi na mwenzangu anayechomelea fremu zilizovunjika. Tunamwita Kiredio kwa sababu hazimwi. Nilikuwa nimeapa kutomwambia. Kiapo changu hakikufika hata saa ya chai.

"Hivi," nikamwuliza, macho kwenye mashine, "mtu aliye ng'ambo anaweza kujua kwamba fulani amekonda?"

"Kwa picha."

"Hakuna picha iliyotumwa."

"Basi kwa video."

"Hawajaongea kwa video tangu..."

Kiredio akaweka koleo chini. Tumefanya kazi pamoja muda mrefu, sijawahi kumwona akiweka koleo chini kabla ya kwenda kula.

"Huyo fulani ni wewe?"

"Si mimi."

"Kaka, kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi shika meza. Mkeo yupo mjini."

"Usinitie maneno, Kiredio."

"Mimi sikutii maneno, nakufumbua macho. Amekuona. Wa kukuona lazima awe karibu. Sasa kama yuko karibu, na kwako hajafika..."

"Nyamaza."

"...basi kaka, kuna mahali analala."

Maneno hayo yalinikuta na lenzi ya mwalimu mkuu mkononi, mashine inazunguka. Niliposhtuka, nilikuwa nimeisaga lenzi ya kulia kwa umbo la kushoto. Na ilikuwa nzuri kweli, imekaa vizuri kabisa kwenye jicho ambalo si lake.

Bosi akafungua pazia. Akaichukua, akaiinua kwenye taa.

"Fundi, hii ni ya jicho gani?"

"Ilikuwa ya kulia, bosi."

"Ilikuwa?"

"Ndiyo."

Bosi wangu si mtu mbaya, ila uvumilivu wake una mwisho.

"Nenda nyumbani," akasema. "Nenda ukapumzike kabla hujatupofushia mtu."

Nilipokuwa navua aproni, Kiredio akaninong'oneza, "Anza na marafiki zake. Wanawake hujua." Kisha akasahau kunong'ona, akaongeza kwa sauti duka zima lisikie, "Na usimpige mtu!"

Wateja wote wakageuka. Nikatoka nimeinamisha kichwa kama mwizi wa mchana.

*

Marafiki gani? Nilipofika barabarani ndipo nilipotambua kwamba simjui rafiki yake hata mmoja mahali anapokaa. Niliishi na mwanamke yule miaka, najua anavyokunja shuka, najua anavyokohoa akitaka nizime taa, lakini marafiki zake sikuwahi kuwauliza.

Nikapiga namba yake. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani, na dada yule wa mtandao aliniambia kwa upole, kama ananionea huruma.

Nikatembea natazama wanawake. Mnajua, ukimtafuta mtu mmoja, wote wanafanana naye? Mmoja ana shingo yake. Mwingine ana mkoba wake. Mbele ya duka la dawa nikaona mwendo. Mwendo wenyewe! Ule wa kuvuta mguu wa kushoto kidogo, kama ana kokoto kwenye kiatu. Nikamfuata. Akavuka barabara, nikavuka. Akaingia uchochoro, nikaingia.

Akageuka ghafla.

"Kaka, unanifuata?"

"Samahani dada. Nimekufananisha."

"Na nani?"

"Na mke wangu."

Akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Mkeo humjui kwa mbele?"

Nilisimama pale uchochoroni hadi akapotea, na nawaambia kweli, nilijaribu kuukumbuka uso wa mke wangu na ulinijia vipande vipande. Nyusi. Kidevu. Meno yake akicheka. Vipande vile vilikataa kuungana. Niliogopa kuliko nilivyoogopa maneno ya Kiredio.

Ndipo likanijia wazo. Binti akiwa na jambo la kuficha, anakimbilia wapi? Kwa mama yake!

Na Jumapili iliyopita si nilikuwa kwa mama yake? Nilimpelekea miwani mpya. Niliketi sebuleni kwake, nikanywa chai, nikaaga. Kama mke wangu alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, anachungulia... Basi ndivyo alivyoniona nimekonda!

Damu ikanipanda. Nikashika njia.

*

Mama mkwe wangu ni muuguzi mstaafu wa wodi ya wazazi. Maisha yake yote amewaambia watu wazima lini wapumue na lini wasukume, nao wakatii. Anaishi peke yake tangu mumewe afariki. Mbele yake sijawahi kuinua sauti. Kwake hata chafya naitoa kwa adabu.

Nikagonga. Akachelewa kufungua. Nikasikia droo ikifungwa, au nilidhani ni droo. Alipotokea, miwani niliyomtengenezea ilikuwa imepandishwa kwenye paji la uso.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mbona mchana? Kazini kuna nini?"

"Kwema tu."

"Mwenye kwema hana uso huo. Ingia ukae. Umekula?"

Ah! Hata hapo sikushtuka, ndugu zangu. Wivu ulikuwa umeniziba masikio.

Nikaketi. Nikatazama kila kona kwa jicho la pembeni. Kikombe kimoja mezani. Kandambili jozi moja mlangoni. Wamejipanga vizuri hawa, nikasema moyoni.

"Mama, mke wangu yuko wapi?"

"Swali gani hilo? Si yuko kazini kwake?"

"Kazini wapi?"

"Unapopajua."

Alisema hivyo anakunja kitambaa cha meza ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Mama, naomba uniangalie."

Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Akaniangalia mara moja, kisha macho yakarudi kwenye kitambaa. Mtu aliyezoea kuwapa watu habari za uzazi na za msiba bila kupepesa, leo anashindwa kunitazama mimi.

"Nikuletee chai," akasema, akainuka kwenda jikoni.

Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikatoa simu, nikafungua kitabu, nikaandika pembeni mwa ukurasa ule ule: "Upo?" Nikatuma.

Chumbani kimlio kikalia.

Kile kimlio nakijua kama jina langu. Kinalia kama kijiko kimegonga glasi, mara moja tu. Nimekingoja jioni zote tangu aondoke. Sasa kilikuwa kimelia hatua chache kutoka nilipoketi, nyuma ya pazia la mama mkwe wangu.

Nikainuka. Mama mkwe naye akatoka jikoni mbio, akasimama mlangoni pa chumba, kijiko cha sukari mkononi.

"Humu ni kwangu. Mkwe haingii."

"Leo ataingia, Mama."

"Utaingia kufanya nini?"

"Kumchukua mke wangu!"

Ndiyo, nilimpita. Sikumsukuma, lakini nilimpita, na jambo hilo nitalibeba. Nikavuta pazia, nikapaza sauti, "Toka! Toka tuonane!"

Kitanda kimetandikwa. Hakuna mtu.

Nikafungua kabati. Magauni yaliyopigwa pasi, yote ya mama mtu mzima. Nikatazama nyuma ya mlango. Nguo ya kuogea. Nikasimama katikati ya chumba cha mama mkwe wangu, nahema.

"Umemaliza?" akauliza kutoka mlangoni. "Na chini ya kitanda je?"

Nanyi mnajua nilifanya nini? Niliinama nikatazama. Aibu haijaniua mpaka leo, basi haitaniua tena.

Nilipoinuka ndipo nilipoiona. Juu ya mto, imechomekwa chaji, simu ya zamani ya mke wangu, ile yenye kioo kilichopasuka kona. Aliniambia imekufa, ameitupa. Kumbe alimwachia mama yake. Kwenye kioo kilikuwa wazi kitabu chetu, na pembeni mwa ukurasa, neno langu: "Upo?"

Nikatazama simu. Nikatazama miwani kwenye paji lake la uso. Miwani ya kusomea. Mimi mwenyewe ndiye niliyeisaga.

"Mama," nikasema. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

*

Niliketi kwenye kitanda cha mkwe wangu bila hata kuomba radhi.

Kwanza, kabla ya uchungu, ilikuja aibu. Kuna maneno mume humwandikia mke aliye mbali. Sitayarudia hapa, gazeti hili linaingia kwenye nyumba za watu. Lakini niliyakumbuka yote, moja baada ya jingine. Nikakumbuka nilichoandika wiki ya mvua. Mungu wangu, wiki ya mvua!

"Mama... Umesoma yote?"

"Yale mengine niliyafunika kwa kidole."

"Yote?"

"Kidole changu si kikubwa."

Nikafunika uso. Nikamsikia akivuta kiti, akaketi karibu na mlango, ndani kidogo na nje kidogo.

"Sikukusudia," akasema. "Nilipewa hii simu nitazame picha zake tu. Siku moja nikagusa sijui wapi, kikafunguka kitabu. Nikaona maneno yako. 'Leo nimekula peke yangu tena.' Nikafunua ukurasa unaofuata nione kama amekujibu. Hakuna. Nikafunua mwingine. Nikaendelea kufunua, natafuta jibu la mwanangu, na mimi sijui kwamba kule kwako utepe unasogea."

"Nikaandika asante," nikasema.

"Ukaandika, 'Asante mke wangu, nimekuona.' Papo hapo. Ilinishtua nikaitupa simu kitandani. Sasa mwanangu, ningefanyaje? Ningerudi nyuma? Sikujua kurudi nyuma. Nikasema kesho nitasogeza kidogo tu, asije akaumia. Na kesho yake tena."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeandika yule dada mdogo ni mwongo?"

Kitabu chetu ni cha dada wawili wanaogombea nyumba ya baba yao. Mke wangu alikuwa msomaji mpole, kila mhusika alimwonea huruma. Halafu ghafla akawa mkali, anawahukumu wote. Nilidhani ng'ambo imemkomaza.

"Na ni mwongo," akasema mama mkwe, na kwa mara ya kwanza siku ile akaniangalia usoni. "Bado sura mbili, utaona mwenyewe."

Nusura nicheke. Kisha likaja lile jingine, lile zito, nikaliuliza haraka kabla sijaliogopa.

"Mke wangu aliishia wapi?"

Akavua miwani kwenye paji. Akaifuta kwa kitenge chake.

"Sura ya nne."

Sura ya nne! Sura ya nne tuliisoma wiki ile aliyofika. Kitabu chote, ndugu zangu, jioni zote zile, sahani zote nilizokula na simu imeegemezwa kwenye kikombe ili nisiwe peke yangu, nilikuwa peke yangu. Nilikuwa na ndoa na kidole cha mama mkwe.

"Umenifanya mjinga," nikasema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia!"

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukuniambia? Kitu gani kilikuzuia? Mimi ni mtoto?"

Huko jikoni maji ya chai yalikuwa yanachemka yenyewe, kifuniko kinagongagonga. Hakuna aliyekwenda.

"Na mimi hanipigii," akasema hatimaye. "Usidhani ni wewe tu. Jioni hapa nikimaliza kuosha kikombe changu, nyumba inanyamaza. Halafu kinalia kile kimlio. Najua hakiongei na mimi. Lakini kuna mtu anaongea. Nikawa naoga mapema, nakaa, nakingoja."

Nilitaka kumkasirikia, na hasira nilikuwa nayo ya kutosha. Lakini kila nilipoifikia nilimwona ameketi hapa na simu yenye kioo kilichopasuka, anasoma habari za mayai yangu. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua mwaka huu nimeishije, na alikuwa huyu.

"Basi tumwache," nikasema. "Atarudi, nitamweleza, tutacheka. Mkataba wake si unaisha?"

Akainuka. Akaketi tena.

"Mwanangu, kuna jambo. Alinipigia mara moja. Zamani, kabla sijaanza na hicho kitabu. Aliniachia maneno nikupe."

"Maneno gani?"

"Nimeshindwa kukupa. Nimezalisha wanawake usiku kucha na sikushindwa. Hili nimeshindwa."

"Mama."

"Alisema nikwambie usimngoje."

Sikusikia vizuri. Yaani nilisikia. Nikamwomba arudie.

"Usimngoje. Alisema, 'Mwambie aendelee na maisha yake.' Nikamwuliza kuna mtu? Akasema hakuna mtu. Nikamwuliza basi nini? Akasema, 'Mama, nimekuwa mwingine, sijui kurudi.' Akakata. Nikasema nitakwambia Jumapili. Ukaja Jumapili ile, umenyoa, umenunua mkate, unauliza habari zake. Nikakupa chai."

Hapo nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa sauti mbele ya mama mkwe, mtu mzima na ndevu zangu, nao mkono wake ukaja begani ukakaa, haukupigapiga, ulikaa tu. Jumapili ngapi nimekunywa chai pale, naye ana maneno yale mdomoni?

*

Simu ililia sebuleni.

Si kile kimlio. Ilikuwa ni simu yake mwenyewe, ile ndogo ya vitufe. Akaenda taratibu. Nikamwona anaipeleka mbali na macho asome namba, namba ya ng'ambo, kisha anasimama kabisa.

Alirudi nayo chumbani. Yeye hupokea kwa sauti ya wazi siku zote, sikio moja halimsaidii. Akabonyeza.

"Mama?"

Ndugu zangu! Uso ule uliokataa kuungana uchochoroni, sauti ile iliuunga mara moja, nyusi, kidevu, meno na vyote. Nikashika ukingo wa kitanda.

"Nipo," akasema mama mkwe.

"Mama, ulimpa yule maneno yangu?"

Mama mkwe akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Amepewa," akasema. Hakusema uongo, na hakusema lini.

"Basi sielewi. Mama, sielewi kabisa." Alikuwa anahema, kama amepanda ngazi. "Leo nimefungua ile programu ya vitabu, milio yake niliizima zamani. Nilitaka kuifuta tu, inajaza simu. Nimekuta utepe wangu uko mwishoni mwa kitabu. Mwishoni! Mimi niliishia mwanzo. Kuna mtu anatumia jina langu, Mama. Kuna mwanamke anamjibu mume wangu."

Mume wangu. Alilisema hivyo hivyo, haraka, bila kulisikia. Mimi nililisikia.

"Mwanamke gani?" akauliza mama mkwe.

"Sijui! Anamwambia kula. Anamwambia vaa sweta. Naye anamjibu, anamweleza kila kitu, kazini, nyumbani, anachoota. Nimesoma tangu asubuhi. Mzee wa watu nimesahau hata kumgeuza ubavu, ananiita huko. Mama, mimi hajawahi kuniambia mambo hayo. Tumeishi wote na hajawahi. Ningejua anayo ndani..."

Kulikuwa na sauti ya kitanda kinacholia, na mzee anaita kwa lugha nisiyoijua.

"Si ulisema asikungoje?" akauliza mama mkwe.

"Nilisema."

"Sasa?"

"Nilidhani atabisha!" Akapaza sauti, kisha akaishusha. "Nilidhani atapiga simu anitukane, aniulize kwa nini. Kimya. Nikasema kumbe alikuwa anangoja ruhusa tu. Nikabadilisha namba nisijidanganye. Na kumbe muda wote huo alikuwa anaandika. Mama, nimwulize nani? Huyo mwanamke ni nani?"

Mama mkwe aliivaa miwani niliyomtengenezea kama anayetaka kuniona vizuri, akaja hadi niliposimama, maana nilikuwa nimesimama na sikujua ni lini. Akanyoosha mkono wenye simu.

Nikatikisa kichwa. Akaendelea kunyoosha. Alikuwa na uso ule wa wodini, wa kumwambia mtu kwamba sasa ni sasa.

Nikaipokea.

"Haloo? Mama, uko hapo?" akasema mke wangu. "Nasikia mtu anapumua. Nani huyo?"

"Mimi," nikasema.

Hata mzee aliacha kuita.

"Mimi nani?" akauliza.